Suugo ya Manfuha: mchuzi wa Kiitalia usio na divai

Manfuha, mtaa wa kale kusini mwa Riyadh, una Wahabeshi wengi na Waafrika wengine kutoka pembe yetu ya bara. Wengi wao walikulia kwenye nyumba ambamo pasta ni chakula cha kawaida kama wali. Sababu inajulikana: Eritrea ilifanywa koloni la Italia mwaka 1890, Ethiopia ikakaliwa kuanzia 1936 hadi 1941, na kusini mwa Somalia Waitalia walirudi kama wadhamini kuanzia 1950 hadi 1960. Lakini mchuzi unaopikwa majumbani mwao si ule wa mji wa Bologna nchini Italia, na unastahili kuchambuliwa kwa heshima yake wenyewe.

Kanuni ya mchuzi wa nyama wa Bologna iliyosajiliwa mwaka 1982 katika Chemba ya Biashara ya mji huo ina nyama ya nguruwe yenye mafuta, na divai. Mafuta yale hubeba ladha. Divai huleta uchachu unaokata uzito wa nyama. Mpishi Mwislamu ameviondoa vyote viwili, kwa hiyo lazima kazi zao zifanywe na kitu kingine.

Tazama suugo ya Kisomali. Kitunguu kinakaangwa mpaka kibadilike rangi, kisha thomu, kisha nyama ya kima, ambayo huachwa hadi maji yake yakauke na ianze kukaangika. Hapo ndipo xawaash inapoingia: bizari nyembamba, dania, pilipili manga, iliki, mdalasini, karafuu na manjano, vyote vimesagwa. Viungo vinatiwa wakati sufuria ina mafuta na bado haijatiwa maji, kwa sababu harufu zao nyingi huyeyuka zaidi katika mafuta kuliko katika maji. Ukitangulia kumwaga maji, manjano yanaweza kubaki na ladha ya ubichi. Nyanya nzito ya kopo inafuata, nayo ikaangwe dakika tatu au nne, mpaka rangi ikolee na mafuta yajitenge pembeni. Naiona hatua hii kuwa ndiyo kiini cha kazi yote, na ndiyo inayorukwa mara nyingi. Baada yake nyanya mbichi, maji na moto mdogo, nusu saa au zaidi. Uchachu wa divai umechukuliwa na nyanya. Ndimu ikamuliwe mwishoni kama bado unapungua. Na ndizi mbivu inayoliwa pembeni inatuliza uchachu huo kwa utamu wake.

Wahabeshi hutumia viungo vya berbere badala ya xawaash, nao wanaofunga Kiorthodoksi hupika mchuzi wao bila nyama wala samli siku za Jumatano na Ijumaa. Utaratibu haubadiliki: mafuta kwanza, maji baadaye.

Pasta yenyewe ina hesabu yake. Asmara iko mita zipatazo 2,300 juu ya bahari, na maji huko huchemka kwenye nyuzi 92 hivi. Riyadh, kwenye mita 600, ni karibu nyuzi 98. Jeddah, pwani, ni 100. Aliyezoea dakika za Asmara akizihamishia Jeddah atapata pasta iliyolainika kupita kiasi. Onja, usitegemee saa peke yake. Gramu 100 za pasta zinataka lita moja ya maji na gramu 10 za chumvi.

Jambo linaloniudhi katika nyumba nyingi za Waswahili, ughaibuni na nyumbani, ni kuosha spageti kwa maji baridi baada ya kuchuja. Wanga ulio juu yake ndio unaoushika mchuzi. Ukiuosha, mchuzi unateleza na kubaki chini ya sahani. Mafuta yanayotiwa kwenye maji ya kuchemshia nayo hayana faida kubwa. Ndugu msomaji, itoe pasta dakika mbili kabla ya muda ulioandikwa kwenye pakiti, itie ndani ya suugo pamoja na kikombe cha maji yake, na uigeuze juu ya moto mpaka mchuzi uishike.