Kanuni za Ramsa Nyeusi katika Filamu: Uhakiki kwa Kigezo cha Utani wa Msibani

Ramsa nyeusi ni utanzu wa filamu unaochekesha kwa mambo ambayo jamii huyaombolezea: kifo, vita na maradhi. Kwa kawaida hutambuliwa kwa kanuni tatu. Kwanza, maudhui yake ni mwiko. Pili, wahusika hukabili maafa kwa utulivu usiolingana na uzito wake. Tatu, mwisho wake haurejeshi amani, tofauti na ramsa ya kawaida inayofungwa kwa suluhu au harusi. Filamu ya Dr. Strangelove (1964) ya Stanley Kubrick inatimiza kanuni zote tatu: wakubwa wanahimizana adabu chumbani ilhali dunia inaelekea kuteketea, na milipuko ya nyuklia ya mwisho inasindikizwa na wimbo mtulivu wa kuagana.

Kanuni hizo zimejengwa juu ya dhana kwamba kucheka mbele ya kifo ni ukiukaji. Kwa mtazamaji wa Nambambo, wilayani Nachingwea, dhana hiyo inahitaji kuhojiwa. Kusini mwa Tanzania, kama ilivyo katika sehemu nyingine za nchi, mtani ana haki ya kuchekesha msibani. Huweza kuiga mwendo na usemi wa marehemu, au kuzuia mazishi mpaka apewe chochote, na mfiwa hapaswi kukasirika. A. R. Radcliffe-Brown, katika makala yake ya mwaka 1940, aliuita uhusiano wa namna hii utovu wa heshima ulioruhusiwa.

Hata hivyo, ruhusa hiyo ina masharti. Si kila mtu ni mtani, na mtani anayekejeli ndiye pia anayetarajiwa kushika jembe kaburini na kuhudumia waombolezaji. Kicheko chake kina deni, nalo hulipwa kwa kazi. Kutokana na desturi hiyo, kanuni ya nne inaweza kuongezwa: anayecheka ni nani, naye anawajibika vipi kwa aliyekufa?

Kigezo hiki kinaiangaza Kati Kati (2016), filamu ya Mkenya Mbithi Masya. Kaleche anajikuta nyikani bila kumbukumbu, kisha anafika kwenye hoteli ambayo wakazi wake wote ni wafu. Kejeli ya filamu imo katika mandhari yenyewe: ahera imegeuzwa mahali pa mapumziko, na mkazi hupata anachokitaka kwa kukiandika tu. Lakini starehe hiyo haimtoi mtu hapo. Anayetaka kuondoka hana budi kuyakabili aliyoyatenda au aliyotendewa. Kicheko cha Kati Kati, kama cha mtani, kinadai malipo.

Dr. Strangelove haina deni la namna hiyo, wala hilo si kasoro ya usanii. Wanaochekesha humo ndio wanaoua, na mwishoni hakuna anayebaki kushika jembe. Hofu ya filamu hiyo inatokana na pengo hilo hasa.

Kwa hiyo, ramsa nyeusi haitofautishwi na utani wa msibani kwa kugusa mwiko, kwa kuwa vyote viwili huugusa. Tofauti imo katika wajibu. Mtunzi wa filamu wa Kitanzania anayetaka kuchekesha kwa kifo hana haja ya kuazima ujasiri ugenini. Anachopaswa kuamua ni iwapo mchekeshaji wake atabaki mpaka kaburi lifukiwe.