Kesi ya Sungura: Ngano na Somo la Uraia

Mwalimu mwenzangu, fasihi simulizi hutahiniwa katika karatasi ya 102/3 ya KCSE, lakini wengi wetu huifundisha kama orodha ya vipera na sifa zake. Ngano husomwa, funzo huandikwa ubaoni, kipindi kikaisha.

Chukua ngano inayosimuliwa kwa namna nyingi Afrika Mashariki. Wakati wa kiangazi wanyama wanachimba kisima. Sungura anakataa kuchimba, kisha anakunywa kwa hila. Kobe aliyepakwa ulimbo anamnasa, lakini katika masimulizi kadhaa Sungura huponyoka. Ukihitimisha kwamba uvivu ni mbaya, umeipotosha ngano, kwa kuwa darasa zima limekwisha kumshangilia Sungura.

Hapa Matuu suala hilo si la kubuni. Mfereji wa Yatta, uliochimbwa na wafungwa wa Mau Mau katika miaka ya 1950, unapita kwetu, na mwethya, kazi ya pamoja ya Wakamba, unafahamika kwa kila mwanafunzi. Waulize basi: Maji ni ya nani? Asiyetaka kuchimba ni sawa na asiyeweza? Mkulima wa juu akiyazuia, wa chini afanyeje? Kisha waigize kesi ya Sungura, kila upande ukitoa ushahidi kutoka ndani ya ngano yenyewe.

Ibara ya 11 ya Katiba ya 2010 inautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa. Ngano hii haimhukumu Sungura. Hukumu imeachiwa hadhira. Tusiwapokonye wanafunzi wetu kazi hiyo.