Ringi, Springi na Oili: Kuisoma Shokapu ya Mtumba

Shokapu ya mtumba haiji tupu. Kabla mnunuzi hajaifunga kwenye pikipiki yake, tayari imeandikwa na uzito wa mtu mwingine, na maandishi hayo yanasomeka kwa macho. Chukua shokapu moja ya katikati, ya aina ambayo springi yake hubanwa kwa ringi mbili zinazozunguka juu ya nyuzi za bomba. Zilegeze ringi hizo kwa spana ya ndoano, uzisogeze, kisha utazame zilipokuwa: nyuzi zilizofunikwa zimebaki safi, ilhali zile zilizoachwa wazi zimejaa vumbi lililogandia mafuta. Mpaka huo ndio tafsiri ya mmiliki wa kwanza. Ukiuona umeshuka sana kuelekea springi, utajua kwamba alikuwa mzito, au alibeba mizigo, au (jambo la kawaida kuliko tunavyopenda kukiri) aliamini kuwa kukaza ringi ni kuifanya shokapu iwe ngumu.

Imani hiyo ina mashabiki wengi vijiweni, na shokapu pacha za bodaboda zimeilea kwa umbo lao. Kola ya kila moja imekatwa ngazi ngazi, na anayeizungusha kutoka ngazi ya chini hadi ya juu huona anapanda daraja za ugumu. Umbo la nyuzi ni aminifu zaidi, kwa kuwa halina daraja bali milimita tu. Springi yenye ugumu mmoja toka mwanzo hadi mwisho, tuseme ya 95 N/mm, hubaki ya 95 N/mm hata ringi ikikazwa hadi mwisho wa nyuzi. Kila milimita ya ziada itadai niutoni 95 zilezile. Mkazo wa awali unaowekwa na ringi huamua kimo ambacho pikipiki itasimama, na ndiyo maana mpanda mwepesi aliyerithi ringi iliyokazwa hujikuta juu, vidole vya miguu vikiitafuta ardhi, na gurudumu la nyuma likikosa nafasi ya kushuka ndani ya shimo la barabara.

Usomaji wenyewe huanza kwa vipimo vitatu, vyote vikichukuliwa wima kutoka kwenye ekseli ya nyuma hadi alama moja ya mkiani: gurudumu likiwa limeinuliwa hewani, pikipiki ikisimama kwa uzito wake yenyewe, kisha mpanda akiwa ameketi na helmeti yake na viatu vyake. Kushuka kutoka kipimo cha kwanza hadi cha pili nakuita mzamo mtupu; kutoka cha kwanza hadi cha tatu, mzamo wa mpanda. Kwa pikipiki ya barabarani yenye mwendo wa gurudumu wa milimita 120 hivi, mzamo wa mpanda wa milimita 35 ni mahali pazuri pa kuanzia, na mzamo mtupu hutarajiwa uwe kati ya 5 na 15. Mwepesi hulegeza ringi mpaka aipate 35 yake, na wengi huishia hapo wakiridhika.

Lakini uzuri wa vipimo hivi umo katika kuvitoa kimoja katika kingine. Ringi huihamisha mizamo yote miwili kwa pamoja, hivyo tofauti kati yake haiguswi na mkono wa anayekaza. Inategemea uzito wa mpanda na ugumu wa springi basi. Tuseme gurudumu husogea milimita mbili kwa kila milimita moja ya shokapu. Uwiano huo hugawa ugumu kwa mraba wake, nne, na springi ya 95 huhisiwa gurudumuni kama 23.75. Mpanda wa kilo 85, ambaye asilimia 60 ya uzito wake hukaa nyuma, ataizamisha pikipiki milimita 21. Mwenye kilo 55, milimita 14 tu. Akitaka 35 zake, mwepesi huyu atalazimika kuiacha pikipiki izame 21 ikiwa peke yake. Hapo kuna kinaya ninachokipenda kuliko vyote katika ufundi huu: sehemu ya nyuma inayozama mno bila mtu, na hivyo kuonekana laini mkononi, ndiyo inayoshuhudia kwamba springi ni ngumu kupita kiasi. Ukiweka ya 65, tofauti inakuwa 20 na mzamo mtupu unarudi 15.

Springi nyingi hubeba namba yake ubavuni, ila tazama kipimo: 9.7 kwa kilo na 95 kwa niutoni ni springi ileile.

Springi mpya huharibu mizani ya oili inayoizuia ndani ya shokapu. Urejeo, yaani kasi ya shokapu kunyooka baada ya kubanwa, ulipangwa kuizuia springi ngumu isimrushe mtu. Springi laini, yenye nguvu ndogo ya kurudi, hulemewa na kizuizi hichohicho, na kwenye matuta yanayofuatana gurudumu halipati muda wa kushuka kabla ya tuta jingine, hivyo nyuma huzidi kukaa chini na kukakamaa. Mpanda husema shokapu ni ngumu, naye yuko sahihi kuhusu hisia na hayuko sahihi kuhusu chanzo. Geuza skrubu ya urejeo kulia kwa bisibisi, taratibu hadi mwisho ukihesabu milio, uandike hesabu hiyo, kisha fungua mlio mmoja mmoja kuanzia pale alipoishia mwenye nayo wa kwanza, ukipita barabara ileile kila mara. Ringi ndogo ya mpira kwenye fimbo, au kamba ya plastiki (zip tie) ukiifunga hapo, itakuonyesha umbali shokapu iliokwenda.

Ikiwa milio imekwisha na nyuma bado inarudi kwa uvivu, basi kizuizi kimo ndani, katika vibati vyembamba vilivyopangwa juu ya pistoni kwa ajili ya mtu mzito. Huko hakufikiwi kwa bisibisi wala haifai kuchokoa vali ya gesi. Shokapu hufunguliwa na fundi mwenye mtungi wa nitrojeni, atakayeupanga upya msururu huo kwa kilo 55.