Nyota Tupu au Iliyojaa?

Mwanafunzi mmoja ameketi mbele ya kompyuta, na kwenye skrini lipo bomu la mchezo. Wenzake wako upande wa pili wa meza na kitabu cha maelekezo ya kulitegua, chenye kurasa 23. Anayeliona bomu haruhusiwi kuona kitabu, na wenye kitabu hawaruhusiwi kuliona bomu. Saa inahesabu kurudi nyuma.

Mchezo huu, Keep Talking and Nobody Explodes, ulitolewa mwaka 2015 na Steel Crate Games ya Kanada. Ninauheshimu kwa sababu unatibu ugonjwa mkongwe wa kazi za vikundi: mmoja anafanya yote, wengine wanaandika majina. Hapa hata aliye hodari kuliko wote amefungiwa nusu ya kazi.

Tazama sehemu ya bomu yenye vitufe. Vipo vinne, kila kimoja na alama ngeni. Kitabuni zipo safu sita za alama. Ile yenye zote nne ndiyo inayotoa mpangilio wa kubonyeza. Mwanafunzi anasema, "Naona nyota." Nyota gani? Kitabuni ipo tupu na ipo iliyojaa wino. "Kuna C yenye nukta." Hiyo nayo ina pacha aliyegeuzwa. Hapo ndipo ninapouona mkono wa fundi: alama zinamlazimisha mtoto aseme kwa ukamilifu, na msikilizaji aulize kabla ya kudhani. Kufikia bomu la tatu kikundi kimeshajitungia msamiati: hii uma, hii puto, hii tabasamu. Hakuna aliyewafundisha.

Kila kosa huiongezea saa kasi, basi sauti hupanda na watu huanza kukatizana. Mwalimu stadi haingilii. Bomu likilipuka, huuliza swali moja tu: ni neno gani halikufika? Kisha huwabadilisha viti, mpenda kuamuru akapewa kitabu, mkimya akakaa penye bomu, mahali ambapo hakuna atakayesema kwa niaba yake.

Mwalimu mwenzangu, kompyuta moja yenye mchezo huu inatosha. Kitabu hupatikana bure, kichapishe. Anza na bomu la kwanza, la dakika tano. Kaa nyuma, usiwasaidie, uwasikilize wanavyoelezana.