Mchongoma si Kila Ua wa Miiba

Mmea ambao wataalamu huuita Flacourtia indica una jina lake katika Kiswahili, nalo ni mchongoma. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 inalo, na methali imelihifadhi: kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Kwa hiyo hatuoni sababu ya mfasiri kuandika "plamu ya gavana", ati kwa kuwa Waingereza huuita hivyo. Jina la Flacourtia lenyewe ni ukumbusho wa Étienne de Flacourt, Mfaransa aliyekuwa gavana huko Madagaska katika karne ya 17. Hiyo ni historia yao, si msamiati wetu.

Neno "beri" nalo lina matata yake. Katika elimu ya mimea nyanya ni beri, na ndizi pia. Forosadi si beri. Mwalimu aliyezoea kuita beri kila kitunda cha porini atapata taabu siku atakapofundisha aina za matunda. Aseme "tunda la mchongoma", nasi tutamwelewa.

Lakini kosa lililo zito zaidi si la wafasiri peke yao. Ni desturi ya kuita michongoma ua wowote wa miiba. Barazani desturi hiyo haina neno. Katika vitabu vya shule na nyaraka za serikali ina neno kubwa. Duranta, mmea uliotoka Amerika, hupandwa pia kuwa ua, na mara nyingine huwa na miiba. Vitunda vyake vya manjano hupendeza macho, navyo ni sumu. Watoto ndio walio hatarini zaidi. Sasa kitabu kikisema kwamba matunda ya mchongoma huliwa, na mtoto amezoea kusikia ua wa duranta nyumbani kwao ukiitwa michongoma, atachuma yapi?

Twapendekeza kwamba katika maandishi rasmi mchongoma ubaki kuwa Flacourtia indica, na jina hilo la kisayansi litajwe angalau mara moja. Ua mwingine na uitwe "ua wa miiba", au kwa jina la mmea wenyewe. Waandishi wa miongozo ya kilimo wangefaa pia kueleza kwamba kwa kawaida kuna mchongoma dume na mchongoma jike, na ule dume hauzai. Mkulima aliyeahidiwa ua na matunda asije akalaumu udongo wake.