Pongezi kwa Watunza Majina ya Mashamba

Mkoani Singida, huwezi kugawa shamba, kusuluhisha ugomvi wa mpaka wala kumtafuta ng'ombe aliyepotea bila kujua majina ya mahali. Majina makubwa yamo kwenye ramani: Ilongero, Mtinko, Ndago, Kinampanda, Nduguti. Yale madogo, ya mbuga, ya jabali, ya kisima na ya kipande cha alizeti, yamo vichwani mwa wazee wa Kinyaturu, Kinyiramba na wenzao, pamoja na wenyeviti wa vitongoji.

Nawapongeza kwa dhati. Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970 ilipowahamishia watu kwenye vijiji vipya, makazi ya zamani yaligeuka mahame, lakini majina yake hayakufa. Leo Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inampa mwanakijiji nafasi ya kupata hati ya hakimiliki ya kimila, lakini katika kupima shamba mtaalamu na kifaa chake hawatoshi peke yao. Mzee hutangulia, akaonyesha safu ya minyaa na jiwe la mpakani, akataja jina la mahali, na majirani wakaafiki. Ndipo vipimo huandikwa, na ugomvi ukaishia palepale shambani.

Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022 ilizipa nyumba namba na barabara majina. Mashamba nayo yanastahili. Halmashauri za vijiji ziyaandike majina haya katika masjala zao za ardhi, wazee wakiwa bado nasi kuyataja.