Kujibu Si Kusikiliza: Ala za Umeme na Hukumu ya Usukuma

Ipo sanaa ya sauti ambayo msanii wake hatungi wimbo. Huunda ala ya umeme kwa mikono yake, kisha humwachia mgeni aiguse au aisogelee, nayo humjibu. Wapenzi wake huisifu kwamba imemwinua msikilizaji kitini na kumfanya mshirika. Sifa hiyo yataka kupimwa, na mizani yake twaweza kuipata Usukuma, katika nchi ambayo Bariadi, makao makuu ya Mkoa wa Simiyu ulioanzishwa 2012, ni sehemu yake.

Mapokeo husema kuwa vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu vilitokana na waganga wawili, Ngika na Gumha. Vyama hivyo vishindanapo, makundi mawili hucheza kwa wakati mmoja, kila moja upande wake. Watazamaji huenda wavutwako, na wakichoka huhama. Mwenye umati mkubwa ndiye mshindi. Basi mchezaji hana budi kubadili mwendo au kuleta ajabu mpya, maana kila unyayo ugeukao ni hukumu juu yake.

Sasa tuitazame theremini, aliyoiunda Mrusi Lev Termen mwaka 1920. Huchezwa bila kuguswa: mkono mmoja karibu na antena huongoza wimbo, wa pili huongoza nguvu ya sauti. Ni ajabu kweli, lakini ni ajabu ya utii. Ala nyingi za maonyesho zimerithi tabia hiyo. Mgeni hupunga mkono, chombo hulia. Akiondoka, chombo hakikupungukiwa na kitu. Kimemjibu, hakikumsikiliza.

Mawangu Mingiedi wa Kinshasa, mwasisi wa Konono N°1, alishika njia nyingine. Aliitia likembe umeme kwa vinasa sauti vilivyoundwa kwa sumaku za vipuri vya magari, ipate kusikika katika makelele ya jiji. Mkwaruzo uliozaliwa humo ukawa pambo la muziki wenyewe, na sahani ya *Congotronics* ya 2004 ikaupeleka mbali. Haja ya wachezaji ndiyo iliyokiunda chombo kile.

Kwa hiyo mhakiki asihesabu nyaya. Na aulize: je, msikilizaji aweza kumshinda msanii? Asipoweza, ushirika wake ni wa jina tu, na ngoma ya Usukuma, isiyo na waya hata mmoja, imeitangulia sanaa hiyo mbali sana.